Mtoto Hujijua kwa Namna Unavyomjibu

Waulize wazazi wanalea vipi, na wengi watakujibu kwa neno moja: "Mimi mkali," au "Mimi mpole, mkali ni baba yao." Tumezoea kuyapima malezi kwa kipimo hicho kimoja, huku fimbo, kule kudekeza, kila mzazi akijitafutia pake katikati. Kipimo hicho hakitoshi. Wapo wazazi wakali ambao watoto wao huwakimbilia wakipata shida, na wapo wapole ambao watoto wao hawawaambii lolote la maana.

Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind, wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, aliwachunguza watoto wa shule ya awali pamoja na wazazi wao, akaeleza mitindo mitatu ya malezi. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin waliongeza wa nne, na wakaonyesha kwamba mitindo yote inatokana na maswali mawili. La kwanza: je, mzazi anaweka mipaka na kuisimamia? La pili: je, yuko karibu na mtoto, anamsikiliza na kumwitika? Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, akawa na kimoja, au akakosa vyote.

Lengo la mbinu zilizomo humu ni kukusaidia kuwa na vyote viwili. Mtoto hazaliwi akijua yeye ni nani. Hulijua hilo polepole, kutokana na majibu anayopata nyumbani anapokosea, anapouliza na anapokataa.

Chenji imepungua mia tano

Chukua tukio ambalo karibu kila nyumba inalijua. Mtoto wa miaka tisa ametumwa dukani kwa Mangi kununua unga na mafuta. Anarudi, anaweka chenji mezani, unahesabu: imepungua mia tano. Ulimi wake umekuwa mwekundu kwa barafu ya ubuyu.

Mzazi wa kwanza analea kimabavu. "Mia tano iko wapi?" anauliza, kwa sauti ambayo mtoto anajua inaelekea wapi. Mtoto anasema imedondoka njiani. Anachapwa kwa kuiba, anaongezwa kwa kudanganya, na jioni wageni wakija anatambulishwa kama mwizi wa nyumba. Mipaka ipo, ukaribu haupo. Somo alilolipata ni kwamba siku nyingine afute ulimi kabla ya kuingia ndani. Na jina la mwizi, likirudiwa, ataanza kuliona kuwa lake.

Wa pili anadekeza. Anauona ulimi, anacheka: "Watoto bwana!" Mambo yameisha. Ukaribu upo, mipaka hakuna. Wiki ijayo itapungua elfu moja. Mtoto huyu anajua anapendwa, lakini hajui aishie wapi, na siku akikutana na mwalimu au mwajiri asiyemchekea, ataona ameonewa. Wahenga walishasema: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wa tatu hahesabu chenji kabisa. Si kwa kumwamini mtoto. Hana habari naye. Pengine macho yako kwenye simu, pengine anatoka alfajiri na kurudi usiku na hakuna aliyeachiwa jukumu. Mtindo huu wa kumtelekeza mtoto akiwa humo humo ndani ndio ambao watafiti wengi wameukuta na madhara makubwa zaidi. Mtoto asiyejibiwa kabisa huhitimisha kwamba yeye si mtu wa kujibiwa.

Wa nne anamwita mtoto pembeni. "Chenji imepungua mia tano, na naona umekula barafu." Mtoto anainamisha kichwa. "Ulitamani, nakuelewa. Lakini hela ya nyumba haitumiki bila kuomba. Jumamosi nikikupa hela yako, mia tano inarudi. Na kesho ni wewe utakayekwenda dukani tena." Kosa limetajwa, limelipwa, na kauli ya mwisho imemwambia mtoto kwamba bado anaaminika. Angalia pia ambacho mzazi huyu hakukifanya: hakumuuliza swali ambalo jibu lake alikuwa nalo tayari. Kumuuliza mtoto "mia tano iko wapi" huku unajua ni kumfungulia mlango wa kudanganya.

Hakuna aliye mzazi wa nne kila siku. Uchovu, madeni na foleni humgeuza mtu akawa wa kwanza leo na wa tatu kesho. Kinachomjenga mtoto ni jibu analolipata mara nyingi zaidi.

"Mbona sisi tulichapwa?"

Hapo atatokea wa kusema: sisi tulichapwa, na leo tuna kazi zetu na familia zetu. Hoja hiyo watafiti wameichunguza. Mwaka 2005 Jennifer Lansford na wenzake walichapisha utafiti kutoka nchi 6: China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand. Walitaka kujua kama kipigo kinamwathiri mtoto kwa namna ile ile pale ambapo kila jirani anachapa na pale ambapo kuchapa ni nadra. Jibu lilikuwa na pande mbili. Mahali kilipozoeleka, uhusiano kati ya kipigo na ugomvi au wasiwasi wa watoto ulikuwa hafifu zaidi. Lakini haukutoweka. Mazoea yalipunguza madhara, hayakuyafuta.

Isitoshe, anayesema alichapwa akawa mtu husahau mambo yaliyoizunguka fimbo hiyo. Kulikuwa na bibi aliyemfuta machozi na kumweleza kosa lake, mjomba aliyemwita faragha, na mifugo au wadogo zake alioaminiwa kuwaangalia. Leo wengi tunaishi vyumba viwili mjini, bibi yuko mkoani, na jirani hatumjui hata jina. Fimbo imebaki peke yake, bila wale waliokuwa wakiyaponya majeraha yake.

Sheria nazo zimebadilika. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamkataza mzazi kutoa adhabu iliyopita kiasi kwa kuzingatia umri na hali ya mtoto. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya aina zote za ukatili na adhabu za kinyama.

Kuacha fimbo hakuna maana ya kuacha kumrudi mtoto. Zifuate hatua hizi:

1. Jitulize kwanza. Ukihisi mkono unakuwasha, sema: "Nimekasirika, tutaongea baada ya kula." Kisha mwongee kweli. Usipofanya hivyo, mtoto atajua kwamba hasira zako zikipita na kosa limepita.

2. Litaje kosa, usimtaje mtoto. "Umedanganya" ni habari ya tendo moja, na tendo linaweza kubadilika. "Wewe ni mwongo" ni habari ya mtu mzima mzima.

3. Adhabu ilingane na kosa. Aliyemwaga uji, adeki. Aliyechelewa kurudi mchezoni, kesho abaki nyumbani. Aliyemtukana dada wa kazi, amwombe radhi mbele yako. Mtoto aone wazi kamba inayounganisha alichotenda na kilichompata.

4. Iwe faragha. Ukimkaripia mbele ya wenzake, aibu itajaa na sikio litaziba. Atakumbuka nani alikuwepo, hatakumbuka ulichosema.

5. Iwe na mwisho. Adhabu ikiisha, kosa lizikwe. Kumkumbusha mtoto mwezi wa sita barafu aliyokula mwezi wa kwanza ni kumwadhibu mara ya pili.

Miaka mitatu ya kwanza: itika

Wapo wanaoamini kwamba mtoto mchanga akibebwa kila anapolia ataharibika. Moja ya tafiti zilizoitikisa imani hiyo ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1954 na 1955, Mary Ainsworth aliwatembelea majumbani akina mama 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwarudia tena na tena kwa miezi kadhaa. Aliwaona watoto wakitambaa kwenda kuchunguza vitu, wakigeuka kumtazama mama, wakimrudia kidogo, kisha wakiondoka tena. Katika kitabu chake kuhusu Uganda kilichotoka mwaka 1967, alieleza kwamba watoto wenye uhakika na mama zao walilia kidogo, na mama zao ndio waliokuwa na mengi ya kueleza kuhusu watoto wao. Waliolia sana ni wale waliokosa uhakika huo. Anayejua kwamba akigeuka atamkuta mama ndiye anayethubutu kwenda mbali.

Kwa hiyo, mtoto akilia, nenda. Si lazima umpe kila kitu. Inatosha ajue umemsikia. Unapomnyonyesha, iweke simu chini kwa dakika chache umtazame. Unapomwogesha, ongea naye: "Sasa tunaosha mguu, na huu mwingine." Hajui maneno bado, lakini anajua kwamba maneno hayo ni yake.

Jambo moja linafanyika nyumba nyingi asubuhi na linafaa liachwe: kumtoroka mtoto. Mama anataka kwenda kazini, dada anampeleka mtoto uani kuangalia kuku, mama anachomoka kwa mlango wa mbele. Mtoto anarudi ndani, mama hayupo. Hilo likirudiwa, atakushikilia sketi hata ukienda msalani, kwa kuwa amejifunza kwamba mama hupotea bila taarifa. Muage. "Mama anakwenda kazini, atarudi jioni." Atalia, lakini jioni utarudi, na siku zikipita ataanza kuiamini kauli yako.

Miaka mitatu hadi sita: sheria chache zisizoyumba

Umri huu mtoto anajaribu nguvu zake. Neno analolipenda ni "sitaki." Wazazi wengi hapa huweka sheria nyingi kuliko wanazoweza kuzisimamia, mwisho wa siku hakuna inayofuatwa. Chagua tatu au nne za lazima: hatupigani, hatutoki getini peke yetu, tunanawa kabla ya kula. Hizo zisimamie kila siku, uwe umechoka au una wageni. Mengine, legeza.

Pale inapowezekana, mpe uchaguzi wa vitu viwili, vyote vikiwa vinakufaa wewe. "Utavaa shati la bluu au la njano?" Kuvaa hakujadiliwi, rangi inajadiliwa. Mtoto anazoea kuchagua, nawe unawahi daladala.

Akijitupa chini dukani akililia biskuti, inama umtazame usoni: "Unazitaka sana, najua. Leo hatununui." Kisha nyamaza. Usimtishie polisi, wala usimuahidi kitu ambacho hutampa. Ukisema hapana, halafu ukanunua baada ya dakika kumi za kilio, umemfundisha kwamba hapana yako inahitaji dakika kumi tu. Wanunuzi wengine watakuangalia vibaya. Waache.

Na akiuliza, jibu. "Mimi nilitoka wapi?" "Kwa nini babu amekufa?" Jibu fupi na la kweli linatosha: ulikaa tumboni kwangu, babu aliugua sana, mwili ukashindwa. Anayejibiwa "acha maswali ya kipuuzi" hataacha kuwa na maswali. Ataacha kukuletea wewe, na akifika miaka kumi na tatu atayapeleka kwa wenzake na kwenye simu.

Miaka saba hadi kumi na mbili: kazi, sifa na majina

Hapa ndipo mtoto anapoanza kujipima: mimi naweza nini? Njia nyepesi ya kumsaidia apate jibu zuri ni kumpa kazi halisi ya nyumba, ambayo asipoifanya pengo linaonekana: kuchota maji, kulisha kuku, kupepeta mchele, kumwogesha mdogo wake.

Kazi hizo wape na wavulana. Mwaka 1973 Carol Ember alichapisha utafiti wake kuhusu wavulana wa Kiluo nchini Kenya. Baadhi yao walikuwa wakifanya kazi za ndani zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kama kupika na kuangalia watoto, mara nyingi kwa sababu nyumba haikuwa na msichana wa umri huo. Aliona kwamba wavulana hao walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao. Mvulana aliyelea mdogo wake amejifunza kusoma shida ya mtu asiyeweza kusema. Ukimwambia "toka jikoni, wewe si msichana," unamnyima somo hilo, na dada yake unamwachia mzigo wa watu wawili.

Unapomsifu, sifia juhudi. Mwaka 1998, nchini Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck waliripoti kwamba watoto waliosifiwa kwa kuwa na akili walikata tamaa upesi walipokutana na maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Ukweli ni kwamba aliyeambiwa "wewe genius" huogopa kulipoteza jina. Sema unachokiona: "Umeurudia ukurasa huu mpaka ukauelewa."

Siku ya ripoti ya shule ndiyo inayompima mzazi. Hisabati 38. Jibu lililozoeleka: "Mtoto wa shangazi yako amepata 81, wewe unakula nini na yeye anakula nini?" Mtoto hapo hajapata msaada wowote wa hesabu, amepata sababu ya kumchukia binamu yake. Jaribu hivi: "38. Wewe mwenyewe unaonaje?" Mwache aseme. "Wapi panakushinda?" Akitaja sehemu, tafuteni njia: dakika ishirini kila jioni, kumwona mwalimu, kupunguza katuni. Mlinganishe na yeye wa muhula uliopita.

Yaangalie pia majina ya utani. Bonge, Kilaza, Cheusi. Mnayasema kwa mapenzi, na mtoto anacheka nanyi. Lakini majina hayo humfuata hadi shuleni, na mtoto aliyeitwa kilaza kwa miaka minne hatanyoosha mkono darasani hata akiwa na jibu.

Ujana: mjadala una mipaka yake

Mwanasaikolojia Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, alieleza kwamba kazi kubwa ya ujana ni kujitafutia jibu la swali mimi ni nani. Mwaka 1966 James Marcia aliendeleza wazo hilo, akabainisha kundi la vijana ambao tayari wana jibu lakini hawakulitafuta. Wamepokea la wazazi wao likiwa limekamilika. Kijana huyo huonekana mtulivu na mtiifu, na wazazi hufurahi. Maswali ambayo hakuyauliza akiwa na miaka kumi na saba yanaweza kumrudia akiwa na thelathini, akiwa na mke, watoto na kazi asiyoipenda.

Kwa Tanzania, swali hili hugonga hodi kidato cha nne kinapoisha. Binti anataka tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), baba anataka PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwa sababu tangu azaliwe amekuwa akiitwa daktari. Kabla ya kutoa uamuzi, muulize mambo matatu: kwa nini unaipenda hiyo, matokeo yako yanasemaje, na unadhani itakufikisha wapi. Msikilize mpaka mwisho, kisha sema yako: ada, nafasi za kazi, unachokijua wewe kuhusu dunia. Mpeleke akaongee na wakili, na daktari pia. Akichagua baada ya hapo, uamuzi huo ni wake, na atausomea usiku bila kusukumwa.

Na kijana bado anahitaji mipaka. Gawanya mambo mafungu mawili. Yasiyojadiliwa ni machache: usalama, shule, heshima kwa watu, saa ya kurudi nyumbani. Yanayojadiliwa ni mengi: nywele, muziki, marafiki wa kutembelea, mpangilio wa chumba. Mzazi anayepigania kila kitu, kuanzia suruali hadi mtindo wa nywele, hana nguvu iliyobaki siku ya jambo kubwa.

Simu iwe na utaratibu mliokubaliana kabla ya kuinunua: usiku inalala sebuleni, na yako pia. Sheria inayomhusu mtoto peke yake huitwa uonevu.

Yapo mambo kijana hatakuambia wewe, hata mkipendana vipi. Jamii zetu zililijua hilo, ndiyo maana Uswahilini msichana aliyevunja ungo alikuwa na somo wake, na vijana waliokwenda jandoni walikuwa na mtu wa kuwafunda. Kama nyumba yako haifuati mila hizo, jukumu lile bado linahitaji mtu. Mtafute shangazi, mjomba au rafiki wa familia unayemwamini, umwombe awe karibu na mwanao, na ukubali kwamba si kila watakachoongea utaletewa.

Mpe mtoto mahali anapotoka

Utambulisho wa mtoto una upande wa nyuma pia. Mwambie jina lake alipewa na nani na kwa nini. Mwonyeshe picha za babu na bibi, umsimulie waliishije, hata ambayo hayakwenda vizuri: babu aliyefilisika, shangazi aliyeacha shule akarudi ukubwani. Mtoto anayejua kwamba watu wake walishaanguka wakainuka haoni kuanguka kwake kuwa mwisho.

Lugha ni sehemu ya urithi huo. Zipo nyumba mjini ambazo baba na mama wanasengenyana kwa Kihaya, wanagombana kwa Kihaya, kisha wanamgeukia mtoto kwa Kiingereza cha shule. Desemba wakifika Bukoba, mtoto anakaa karibu na bibi yake wakitazamana. Kiingereza atakipata darasani. Gawaneni: mmoja aongee naye lugha ya nyumbani, mwingine Kiswahili. Wanaolea Uingereza, Oman au Marekani wana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa huko nje ya mlango hakuna atakayewasaidia. Usimlazimishe kwa kumcheka anapokosea. Ukimcheka mara mbili tatu atanyamaza, na lugha itaishia hapo.

Walezi wengi, kauli moja

Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingi ikivutana mtoto hujua haraka pa kupitia. Mama amekataa, anakwenda kwa baba. Baba amekataa, anampigia bibi. Kaeni, wazazi, dada wa kazi na bibi kama yupo, mkubaliane zile sheria tatu au nne. Ukiona mwenzako amekosea katika kumrudi mtoto, mwambie baadaye chumbani.

Iacheni pia kauli ya "ngoja baba yako arudi." Kwa maneno hayo mama anajivua mamlaka yake, na baba anageuzwa adhabu inayorudi nyumbani kila jioni. Watoto wanaotawanyika wakisikia honi ya baba getini hawamheshimu, wanamkimbia. Baba anaweza kuanza na jambo dogo: kumwogesha mtoto, kumsindikiza shule Jumatatu, kuketi naye akifanya hesabu.

Ukizidiwa na hasira ukamwumiza au ukamtukana, mwombe radhi. "Nilikupigia kelele mbele ya wenzako. Nilikosea, nisamehe." Heshima yako haitapungua. Mtoto atakuwa ameona kwa macho yake namna mtu mzima anavyobeba kosa lake, na hilo ndilo tunalotaka alifanye yeye. Na kama hali imekushinda, au unamjua mtoto anayeumizwa, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya.

Usianze na yote haya kesho asubuhi. Chagua moja: jina la utani la kuacha, sheria moja ya kuisimamia, au kumuaga mtoto kabla ya kutoka. Lishike mwezi mzima, kisha ongeza la pili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi yenyewe yako kwenye lile jibu utakalompa leo jioni atakapokuletea chenji.